Aliyeuliza Kutoka Mlangoni

Arua, 12 Februari 2024

Kwako Shangazi Mariam Poni,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi. Nakujua: ukisoma barua umesimama unaanza kugombana nayo kabla hujafika katikati. Sisi hapa Arua ni wazima. Suzan amepata kazi ya kushona sare za shule, cherehani limehamia sebuleni, na wageni sasa wanakaa nje. Mtoto wetu Mercy anaota meno na anauma kila kilicho karibu, mimi nikiwemo. Mama yuko kwao Logiri anatayarisha shamba la karanga. Mgongo unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe umepumzika kula.

Shangazi, nina ombi. Unajua mimi ni fundi wa sauti katika studio ya Bwana Anguzu. Mwezi wa Agosti kutakuwa na tamasha la bendi za zamani hapa mjini, na studio yetu imepewa kazi ya kuziandaa upya nyimbo zao. Nilipoona jina la Radi ya Liru nilipiga ukelele mpaka Bwana Anguzu akatoka ofisini. Bendi ya baba! Bendi yako!

Wimbo wenu ninao mara mbili. Nina ule wa Kampala wa mwaka 1989, "Narudi", uliopigwa na redio zote, na nina kaseti ya hapa Arua ya 1996 yenye kinanda, ile ya harusini. Lakini mzee Ezati, aliyekuwa fundi wa redio, ameniambia hizo zote ni wajukuu tu. Anasema toleo la kwanza mlilirekodi Ariwara, upande wa Kongo, mwaka 1982 mkiwa wakimbizi. Anasema gitaa la baba humo linanguruma rock yenyewe, si hii ya kubembeleza maharusi, na kwamba wimbo wenyewe uliitwa "Magoti Hapana". Na anasema mkanda uko kwako. Baba hakunitajia jambo hilo hata siku moja mpaka anafariki.

Naomba uniazime mkanda huo. Ningekupigia simu, lakini tangu upasuaji wa koo simu haikufai, na ujumbe wa simu umeukataa, kwa hiyo barua hii nampa Obeti wa lori la mihogo.

Mwanao mtiifu,
Constantino Swaka


Lurujo, 3 Machi 2024

Mwanangu Constantino,

Mtiifu tangu lini? Salamu zako zimefika, zimechelewa kwa sababu lori la Obeti lilikufa njiani na barua ikalala kwa fundi pamoja nalo. Nimeisoma nimesimama.

Hapa tuko. Binti yangu Nadine bado anauza samaki wakavu sokoni Koboko, nami namsaidia siku za soko. Mvua imekawia, tunatazama juu mpaka shingo zinauma. Mwambie mama yako asipande karanga zote kwa mkupuo. Na huyo mtoto mpeni kitu kigumu cha kuuma, si baba laini kama wewe.

Mkanda upo. Jibu ni hapana.

Nikueleze, usije ukakaa unasema shangazi amekuwa mchoyo. Mwaka 2021, uvimbe ulipofika kwenye sauti, daktari aliniuliza kwanza. Aliniambia uhai na sauti havitatoka vyote kwenye chumba cha upasuaji. Niliandika kwenye karatasi: "Toa." Sijuti. Ninakula, ninalima, ninagombana kwa mikono, na Nadine anasema mikono yangu ina matusi kuliko mdomo wangu wa zamani. Lakini sauti yangu sasa imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye mkanda huo. Nadine alikuwa na ujumbe wangu mmoja kwenye simu, simu ikaibiwa. Kwa hiyo wewe hujaomba mkanda. Umeomba koo langu, na unataka kulipakia kwenye lori lililokufa njiani juzi.

Na kuhusu ujumbe wa simu: ni mfupi, na mimi nimenyamazishwa vya kutosha.

Shangazi yako,
Mariam Poni


Arua, 17 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Hapana yako nimeipokea. Suzan anakusalimu, alicheka mpaka sindano ikamchoma. Mvua huku imeanza na barabara ya kwetu ni tope tupu. Jino la kwanza la Mercy limetoka, amelijaribu kwenye sikio langu.

Nisikilize kidogo. Mkanda unazeeka hata ukiufungia kabatini. Ule unga wa kahawia unaoshika sauti hubanduka taratibu, na siku moja utauweka kwenye mashine utoke ukimya. Mzee Ezati ana mashine ya mikanda inayofanya kazi. Tutaupiga mimi na yeye, nitanakili kila kilichomo kwenye kompyuta, na mkanda utarudi kwako. Hapo sauti yako itakuwa mahali pawili badala ya pamoja. Nakuahidi kwa jina la baba.

Kuna jambo jingine linanikera. Kwenye "Narudi" ya Kampala sikusikii popote. Nimesikiliza kwa spika kubwa, nimesikiliza kwa vile vya masikioni, hakuna. Baba alisema ulichoka na muziki ukaolewa. Lakini mama anasema uliolewa baadaye sana. Ilikuwaje?

Tulimzika baba kwa wimbo ule, Shangazi. "Narudi na magoti, Mungu nipokee." Kanisa zima liliimba. Wewe ulisimama nje. Nilikuona.

Mwanao,
Constantino


Lurujo, 9 Aprili 2024

Mwanangu,

Mvua imefika, na imefika kwa hasira, imebomoa banda la mbuzi. Nadine alishikwa na malaria, sasa anakula tena na anatoa amri tena. Mbusu mtoto, uangalie sikio.

Umenishinda kwenye habari ya ule unga. Nilifungua kopo la maziwa ninamouhifadhi mkanda, nikaona vumbi la kahawia kwenye kidole changu, nikaogopa, nikakaa chini. Obeti anakuletea. Nimemwandikia kwa herufi kubwa aubebe mapajani, asithubutu kuuweka nyuma na mihogo.

Sasa ujue umeshika nini. Lilikuwa ghala la kahawa. Tulikuwa na maikrofoni moja na mashine ya kurekodia tuliyoazima kwa padri. Hayo mambo yenu ya kuchanganya sauti hayakuwepo: mtu akitaka kusikika zaidi anasogea mbele, akizidi anarudi nyuma, kazi yote ilikuwa ya miguu. Baba yako alikuwa amechana spika ya amplifaya kwa wembe, makusudi kabisa, ndiyo maana gitaa linanguruma vile. Mwenye amplifaya alitaka kumpiga. Na mimi, kila nikifungua mdomo sindano ya kupimia sauti kwenye mashine inagonga mwisho. Yule kijana wa mashine akasema, "Dada, rudi nyuma kidogo." Nikarudi. Akasema, "Bado. Sauti yako iko nguvu sana. Toka inje." Nikatoka mlangoni nikaimbia uani, mvua inaninyeshea, jenereta la kahawa linapiga kelele ubavuni kwangu, na bado sindano ilikuwa inarukaruka.

Kwa hiyo utanisikia mbali. Ujue niko mbali kwa sababu nilikuwa na nguvu kuliko wote waliokuwa ndani.

Masharti yangu haya hapa. Usikate kitu. Usimweke mtu mwingine juu yangu.

Swali lako la Kampala nimeliona. Umeliandika kwa mwandiko mzuri.

Shangazi yako


Arua, 2 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Kazi zimetubana, umeme ulitusumbua, na Obeti alipita bila kusimama. Mercy sasa anatembea akishika kuta. Suzan amemaliza sare, na mama anasema mvua ikiendelea hivi atavuna karanga mpaka zimchoshe.

Mkanda unarudi salama pamoja na barua hii. Kuna pia memori kadi yenye wimbo tulivyouandaa, mwambie Nadine aiweke kwenye simu.

Shangazi, sikujua baba aliwahi kuwa kijana. Kwenye "Narudi" anaimba kama mtu aliyefundishwa adabu. Hapa anafoka! Mzee Ezati aliniangalia akaniambia nitoke nje kidogo, nikatoka, nikalia nyuma ya studio mahali ambapo wanaanika nguo. Gitaa lile sijapata kusikia mfano wake.

Ila wimbo wenyewe ni mrefu mno, dakika nane, na mkanda una mvua nyingi na jenereta. Bwana Anguzu ana programu mpya inayotenganisha muziki na kelele. Tumeusafisha kidogo. Sasa ni dakika tatu na nusu, safi, utadhani umerekodiwa jana. Niandikie umeuonaje.

Mwanao,
Constantino


Lurujo, 8 Juni 2024

Constantino,

Wote wazima. Mvua ipo.

Niko wapi?

Nimesikiliza jikoni. Nimesikiliza uani. Nadine ameninunulia hivyo vyenu vya masikioni. Baba yako yupo. Gitaa lipo, ingawa mmelinyoa. Wanaume wanapaza sauti, "Na mguu!" Baadaye wanapaza tena, "Hapana weza!" Wanamjibu nani? Mimi ndiye niliyekuwa nauliza, "Unarudi na nini?" Mimi ndiye niliyekuwa nauliza, "Na magoti?" Umewaacha wanaume wazima wanajibu swali ambalo hakuna aliyewauliza, kama walevi.

Mvua umeitoa, jenereta umelitoa, na mimi umenitoa pamoja navyo.

Mimi si kelele.

Poni


Arua, 25 Juni 2024

Shangazi,

Salamu. Barua yako Suzan aliifungua kwanza, na tangu hapo ananiongelesha kuhusu chumvi tu. Mtoto mzima. Mama mzima.

Si mimi niliyekutoa, ni kompyuta. Inachukua kilicho karibu kuwa muziki na kilicho mbali kuwa kelele, haijui mtu aliwekwa mbali kwa sababu gani. Niliona baadaye, na wakati huo Bwana Anguzu alikuwa ameshawasikilizisha wenye tamasha. Wanautaka hivyo hivyo, mfupi. Na kuna jambo la maneno. Wageni wakubwa watakaa viti vya mbele, na wanasema jina "Magoti Hapana" linasikika kama kiburi. Wanataka tuchukue gitaa la Ariwara tuliunganishe na maneno ya "Narudi". Mistari yako ataiimba upya msichana mmoja anaitwa Rejoice, anakaa kambi ya wakimbizi ya Omugo, kwao ni Yei, ng'ambo ya mpaka. Ana sauti nzuri sana. Tutataja jina lako kabla wimbo haujaanza. Nadhani ni heshima.

Na mimi niseme langu. Nina baba mmoja. "Narudi" ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha asubuhi nikiwa mdogo, ndiyo sauti niliyomzikia. Wewe unaichukia, na hutaki kusema kwa nini. Unanifanya nijisikie kama tulimzika baba na uongo. Unataka nikusikilize wewe, lakini nikikuuliza unasifia mwandiko wangu.

Constantino


Lurujo, 6 Julai 2024

Mwanangu Constantino,

Salamu kwa Suzan kwanza, kisha kwa mtoto, kisha kwako. Tumeanza kula mahindi mabichi. Banda la mbuzi limesimama tena.

Umeniuliza mara mbili, nitakujibu mara moja.

Ile studio ya Kampala ilikuwa nzuri. Kila chombo kilikuwa na kijichumba chake, na vioo katikati. Mwenye studio alipoona spika iliyochanwa alicheka, akaleta nyingine. Gitaa likawa safi. Nikasema sawa. Akasema wimbo ni mrefu, akakata ubeti. Nikasema sawa, ingawa ubeti ule ulikuwa wangu. Kisha akasema sasa nchi imetulia, watu wamerudi makwao, hakuna anayetaka kusikia hasira za West Nile, huku kwetu. Tugeuze maneno kidogo tu, tuseme "Narudi na magoti", utakuwa wimbo wa sala na redio zitaupenda. Wanaume wote wakamtazama baba yako, na baba yako akatazama sakafu. Akaniambia, "Dada, hii iko wimbo tu." Nikamwambia, "Kama iko wimbo tu, acha vile iko."

Constantino, mimi na baba yako tulivuka kwenda Kongo usiku tukikimbia vita, tukimbeba mama yetu kwa zamu. Tulirudi kwa miguu, na yeye hakurudi nasi. Hakuna aliyetupokea. Tulikuta nyasi zimeota ndani ya nyumba, tukazing'oa kwa mikono. Sasa nikaimbe mbele ya watu kwamba nilirudi nimepiga magoti? Kwa nani? Kwa kosa gani nililofanya?

Basi sikuchoka na muziki. Niliambiwa nipige magoti nikakataa, nikatoka. Baba yako alikubali kwa sababu alikuwa na nyumba ya kulisha, wewe ukiwa mchanga. Akaona aibu kukuambia, akasema nimeolewa. Nilimkasirikia mpaka siku ya mazishi, na ndiyo maana nilisimama nje: wimbo ule ungeanza nami ningeukatisha kanisani, mbele ya jeneza lake. Nilimpenda kaka yangu. Sikutaka kumfanyia hivyo.

Unauliza kama mlimzika na uongo. Hapana. Mlimzika na wimbo aliouimba akiwa amechoka. Ule wa Ariwara aliuimba kabla hajachoka. Wote ni baba yako, na una haki ya kuipenda "Narudi" kadiri unavyotaka, sitakunyima. Lakini usiziunganishe. Spika ile ilichanwa kwa ajili ya maneno yale. Ukiweka maneno ya Kampala juu ya gitaa la Ariwara utakuwa umempigisha magoti mara ya pili, naye hayupo kukataa. Mimi nipo.

Huyo msichana aimbe vyake, mwambie sina ugomvi naye. Sauti yangu haihitaji mwakilishi, na jina langu halitaki kutajwa kabla ya wimbo ambao mimi simo. Ama niwe humo na mvua yangu na jenereta langu, ama mfute wote mtafute bendi nyingine. Na nikisikia tena neno kusafisha, nitakuja Arua nikae juu ya meza ya Bwana Anguzu. Siwezi kumpigia kelele, lakini nina uzito.

Shangazi yako,
Mariam Poni


Arua, 19 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Nimekaa kimya tena, lakini safari hii nilikuwa kazini. Wote wazima. Mama amevuna, gunia lako liko njiani, anasema usiligawe kwa kila mpita njia.

Barua yako niliisoma nikaiweka mfukoni, nikaisoma tena. Kwa kweli niliogopa kumkabili Bwana Anguzu. Kisha siku ya Rejoice ikafika. Nilimpigia nakala ya mkanda wote ili ajifunze mistari yako. Alisikiliza amefumba macho. Ulipoisha akasema, "Piga tena." Nikapiga tena. Akavua vile vya masikioni akaviweka mezani.

"Huyu mama iko hapa," akasema. "Mimi naimba ya nini?"

Bwana Anguzu akamwambia, "Yeye iko mbali sana. Watu hapana sikia yeye."

"Mimi nasikia. Mama yangu naye alitoka Yei na mguu. Kama iko mutu anataka kutoa sauti yake kwa mkanda, mimi napiga yeye." Akachukua mkoba wake. Alipofika kwangu akasimama. "Wewe iko mtoto yake, na unanyamaza?"

Shangazi, niliona aibu mbele ya msichana ambaye hata hakujui. Nikamwambia Bwana Anguzu wimbo huu utatoka mzima, au hautatoka kwa mikono yangu. Akasema mikono mingine ipo. Nikamwambia mkanda mwingine haupo, na nakala za studio, ndefu na fupi, nikazifuta mbele yake. Yangu nilikuwa nimeshaipeleka nyumbani. Kwa hiyo sina kazi. Kompyuta yangu sasa iko sebuleni kando ya cherehani. Suzan alisogeza vitambaa akanipa nusu ya meza, na ananiongelesha mambo yote, si chumvi peke yake.

Kwenye tamasha walipiga "Narudi" ya Kampala. Nilikwenda. Nilimsikia baba akiwa amechoka, kama ulivyosema, na nilimpenda vilevile.

Kesho yake nilikwenda kwa vijana wa bodaboda, nikawapigia "Magoti Hapana", dakika zote nane. Sikugusa kitu. Gitaa lilipoingia mmoja akaruka kutoka kwenye pikipiki: "Hii iko kitu gani? Weka kwa simu yangu!" Wengine wakamzunguka. Kabla ya jioni walikuwa wanapeana wenyewe. Juzi nimeusikia kwa kinyozi ambaye sikumpa mimi, na wateja walikuwa wanajibu na sabuni kidevuni. Redio moja imekataa kuupiga, wanasema ni mrefu na mchafu, niwaletee uliopunguzwa. Nimewaambia haupo wala hautakuwepo.

Mwanao,
Constantino Swaka


Koboko, 8 Septemba 2024

Mwanangu Constantino,

Naandika nikiwa sokoni kwenye meza ya samaki, kwa hiyo vumilia harufu. Karanga zimefika, nimezigawa kwa kila mpita njia. Nadine anawasalimu. Kuhusu kazi uliyoacha sikupi pole. Nakupa hongera, na baba yako angekupa, yule wa ghalani. Msalimie Rejoice. Mwambie aje Lurujo nimpikie, na aje na mama yake.

Sasa sikia ya leo asubuhi. Mbele ya meza yetu kuna mfanyabiashara aliyetoka Kongo mwezi uliopita, anaitwa Théodore, anauza simu na spika. Ni mtu mwema. Amenikuta hivi hivi, nataja bei kwa vidole, basi ananiita Mama Bubu, kama wageni wote wa soko hili wanavyoniita. Leo alifungua spika kubwa, na gitaa la baba yako likanguruma mpaka mizani ya Nadine ikatikisika. Ikafuata mvua. Nikafuata mimi.

"Unarudi na nini?"

Nilikuwa nimeshika samaki, nikamwangusha. Nadine akaanza kulia palepale mbele ya wateja. Mimi sikulia. Nilijawa na furaha yenye hasira, sijui kama ina jina, nikataka kumpiga mtu na kumkumbatia.

Théodore akauliza watu, "Ule mama anaita kule inje, ni nani?" Nikajipiga kifuani. Akacheka, bila ubaya. "Mama Bubu, wewe hausemaka. Ule mama iko na nguvu."

Nikamshika mkono nikamwonyesha aurudishe mwanzo. Akaurudisha. Nikasimama mbele ya spika, uso wangu kwake, na kila swali lilipokaribia nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, nikauliza pamoja nalo. "Unarudi na nini?" "Na magoti?" Sikukosea hata mara moja. Kuna mahali pale katikati maji ya mvua kutoka bati la paa yaliniingia shingoni nikacheka, utanisikia ukitega sikio, na leo nikacheka palepale. Théodore akaacha kucheka. Akaondoa kofia, akasema, "Eh, mama. Ni wewe."

Watu wakajaa. Wauza nyanya, wauza mkaa, wanawake ninaowajua tangu Ariwara, na watoto wao ambao hawakuwa wamezaliwa. Nilipouliza mara nyingine, walijibu wao. "Na mguu!" Nikauliza, "Na magoti?" Soko zima likasema, "Hapana weza!"

Akaja msimamizi wa soko, amekunja uso, akamwambia Théodore apunguze spika, kelele zimezidi. Théodore hakumtazama. Alinitazama mimi.

Nikamwonyesha kwa mkono: ongeza.

Akaongeza.

Shangazi yako,
Mariam Poni